Mkono Mgongoni mwa Idi

Mwaka jana niliiharibu meza yangu ya kulia chakula kwa akili zangu mwenyewe, sikusaidiwa na mtu. Binti yangu aliyeolewa Bujumbura alikuwa ameniletea kichupa cha mafuta ya maganda ya machungwa, haya wanayouza siku hizi ya kunukisha nyumba na kufukuza wadudu. Akanionya: "Mama, ni makali. Matone mawili matatu ndani ya ndoo ya kupigia deki, yatosha." Mimi ni mtu wa nyumbani, kutoka natoka nikiwa na sababu, na mtu wa namna hiyo huanza kuamini kwamba hakuna kitu ndani ya kuta zake kinachoweza kumfundisha. Nikaona matone mawili ni ubahili. Nikamimina nusu ya kichupa juu ya meza, nikasugua kwa raha zangu, nikatandika kitambaa kipya cha maua, nikakaa kungoja wageni waje kusifu harufu.

Waliisifu. Tatizo lilikuja wakati wa kuaga. Vanishi ilikuwa imelainika ikawa kama ulimbo wa kunasia ndege, na mgeni mmoja aliyekuwa ameegemeza viwiko vyote viwili, mtu mzima mwenye heshima zake, alipoinuka kitambaa kilitaka kwenda naye na meza ikakivuta kibaki. Walipoondoka nilipiga magoti nikawa nakwangua kwa kisu, nikicheka peke yangu. Ndipo ile harufu iliponipanda vizuri puani. Haikuwa harufu ya chungwa la kula. Ilikuwa harufu ya ganda lililokamuliwa, kali, yenye uchungu kidogo nyuma yake, kama mtu anayekuchekea huku amefumba mdomo. Kicheko kikaniisha. Nilikuwa sioni meza tena. Nilikuwa naona mgongo wa mtoto mchanga, na juu yake mkono.

Ngojeni niwaeleze taratibu, maana nikianzia kwenye mkono mtadhani nimezeeka vibaya.

Ilikuwa mwaka wa Uhuru, sitini na mbili, nami nilikuwa na miaka kama saba. Tulikaa Rumonge, kando ya ziwa, kusini mwa Bujumbura, mtaa wa Waswahili, nyumba ya matofali ya udongo yenye ua wa matete nyuma. Baba alikuwa mpishi kwa Mgiriki mmoja mwenye shamba upande wa Kigwena. Mbele ya shamba kulikuwa na michikichi kama kwa kila mtu, lakini nyuma kulikuwa na safu za ndimu, na Mgiriki huyo alikuwa na kazi ambayo watu wetu waliiona ya ajabu: maji ya ndimu aliyaacha yamwagike, akabakiza maganda. Wanawake walikaa kivulini, wakaminya maganda juu ya sifongo, na sifongo ikishashiba wakaikamua ndani ya bakuli. Kapu zima la maganda lilitoa mafuta ya kulowesha kidole tu. Jioni Mgiriki aliwakataza kwenda juani kabla hawajanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, nao walinawa, na njiani walicheka kwamba mzungu anawaonea choyo hata harufu.

Alipoona bendera inakaribia kubadilishwa, aliuza alichoweza kuuza akaondoka. Nyumba yake ilibaki wazi. Alasiri, upepo wa ziwa ulipoanza, madirisha yake yalikuwa yanapigapiga peke yake, na mtu akipita barabarani alisikia harufu ya ndimu mbichi iliyokatwa sasa hivi, ingawa hakukuwa na mtu wa kukata. Sisi watoto tulipita pale mbio, hata wale wakubwa waliojifanya wanakimbizana tu.

Baba aliachiwa zawadi ya chupa moja ya kahawia, pamoja na maagizo. Matone machache kwenye maji ya kufutia sakafu. Mbali na moto. Mbali na watoto. Si ya kupaka mwilini. Aliyarudia maagizo hayo nyumbani neno kwa neno, amesimama wima, kama mtu anayesoma tangazo la serikali. Bibi, mama yake mzazi, alimsikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua maharage. Halafu akauliza:

"Mafuta ambayo hayapakwi ni mafuta gani hayo?"

Hapo mtuelewe. Kando ya ziwa letu mafuta hayakuwa kitu cha kuulizwa kazi yake. Mawese mekundu yalipikiwa, yaliwashwa kwenye kibatari, mtoto mwenye kikohozi alinyweshwa. Mise, yale mafuta meusi ya kokwa za michikichi, ndiyo yaliyotulea ngozi sisi sote. Mtoto wa Rumonge alioshwa akapakwa mise mpaka akawa anaponyoka mikononi kama samaki. Kumwambia Bibi kuna mafuta yasiyopakwa ilikuwa kama kumwambia kuna maji yasiyolowesha. Aliichukua chupa akaitia chini ya kitanda chake. Kwa usalama, alisema.

Kitanda hicho kilikuwa changu pia. Nililala na Bibi tangu nilipoachishwa ziwa. Aliniita mke mwenzangu, kama bibi wengi wanavyotania, na kila jambo alilifanya la ndoa yetu ya watatu na marehemu babu. Nikikataa uji alisema, "Mke mwenzangu, kula, bwana wetu hapendi mwanamke mkavu." Alinisuka nywele akiwa amenibana kichwa katikati ya magoti, na nilikuwa nausikia upande wa sikio ubaridi wa pete yake. Ilikuwa pete pana ya fedha, kwenye mkono wa kulia, kidole cha pili kutoka mwisho. Aliivaa akiwa msichana na haikutoka tena. Nyama ya kidole ilikuwa imejaa juu na chini yake.

Mdogo wangu Idi alizaliwa wiki chache kabla ya Uhuru. Kwa desturi yetu mama na mtoto wanakaa ndani mpaka arobaini, na siku ya arobaini mtoto ananyolewa, anaogeshwa, anatolewa nje kuonyeshwa jua na kuonwa na watu. Ikaangukia kiangazi, bendera mpya bado zinaning'inia kwenye miti ya barabarani. Ua ulijaa wanawake tangu asubuhi. Chumbani Bibi alimkanda Idi kwa mise, mikono, miguu, akamnyoosha kama anayenyoosha nguo. Baba alikuwa ameenda sokoni kutafuta nyama. Bibi akatazama mlangoni, akaivuta ile chupa, akamimina kidogo kwenye kiganja cha kulia, akanusa, akafumba macho.

"Mutoto mwanaume atoke ananukia," alisema.

Akamlaza Idi kifudifudi, akakibandika kiganja katikati ya mgongo wake, akakiacha pale muda wote wa kumwombea dua. Nilikuwa nimeshika beseni, niliona. Midomo yake ilikuwa inatembea, mkono umetulia. Kisha akamchukua hivyohivyo, akamtoa nje, akakaa kwenye mkeka katikati ya ua akamlaza kifudifudi juu ya mapaja, uchi, mgongo kwa jua. Vigelegele vikapigwa. Jua la mwezi ule wa saba si la kuchezea, lakini mtoto alikaa nalo mpaka kivuli cha ukuta kikafika miguuni pa Bibi, kwa sababu kila mwanamke alitaka zamu yake ya kumtazama na kumgusagusa.

Mmoja wao alikuwa Mama Mapendo, jirani yetu wa nyuma ya ua. Alikuwa amevuka kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Fizi, na binti yake Mapendo, wa umri wangu. Mkristo, mjane, mwanamke mkubwa wa mwili mwenye sauti ya kuita mtumbwi urudi. Alikausha ndagala, dagaa wa ziwani, na alipasua kokwa za michikichi kwa jiwe, na siku moja jiwe lilikuwa limechukua kipande cha kidole chake. Alimshika Idi akamwimbia wimbo wa kwao, kwa Kibembe, taratibu, na wanawake wengine wakatabasamu bila kuelewa. Baadaye walikuja kusema kwamba hawakuelewa. Kutabasamu hawakukusema.

Kesho yake Idi hakutaka kulazwa chali. Mgongo ulikuwa mwekundu, na siku iliyofuata ukatoka malengelenge. Alilia mpaka sauti ikawa ya paka. Mama alimpaka mise, Baba akaleta maji ya dua kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Malengelenge yakakauka, homa ikaondoka, tukadhani yamekwisha. Asubuhi moja nilikuwa tena na beseni langu, mama akafungua kanga amwogeshe, na kikawa pale.

Kiganja. Kiganja cha mtu mzima na vidole vitano vilivyotanuka, rangi ya kahawa, kingo zake kali kama zimechorwa kwa kalamu. Kilikuwa kimelala mgongoni mwa mtoto kama kilichofika usiku na kuchoka. Kidole cha pili kutoka mwisho kilikuwa na pengo: ukanda wa ngozi safi ulikikata, kisha kidole kikaendelea juu yake. Mama alimfunika Idi, halafu akageuka kutazama nyuma yake, pale ambapo mwenye mkono angekuwa amesimama. Nami nikageuka. Kulikuwa na ukuta, na kulikuwa na harufu ya ndimu.

Sasa, mtaa wetu. Kufikia adhuhuri wanawake walikuwa wamejipanga kumwona Idi kama wanapokea chanjo. Wengine walisema ni mkono wa Mgiriki, amekwenda lakini ameacha mkono wake umeshika nchi. Hilo liliwafurahisha wanaume, wakalijadili kwenye kahawa. Wengine walisema ni wa majini wa ziwani. Nilikuwa nachungulia chini ya makwapa ya watu wazima, na kila nilipokiona kile kitu nilihisi kimesogea kidogo. Msinicheke. Ukikitazama kitu kama kile mgongoni mwa mtoto anayepumua, kinapumua naye.

Ni Bibi aliyesema. Aliinama, akautazama mgongo kwa muda mrefu, akanyoosha kidole hewani bila kugusa.

"Hiki kidole kimekatika," akasema. "Na nani mwenye kidole cha kukatika, tunamujua sote. Alimuimbia mutoto lugha gani ile siku? Nani aliisikia?"

Macho yote yakageukia matete ya nyuma. Ndagala za Mama Mapendo zikaoza kwenye mkeka wake. Mtu akamwaga majivu mlangoni pake. Mimi nikakatazwa kucheza na Mapendo, na nikatii upesi kuliko nilivyowahi kutii jambo lolote. Alipochungulia kwenye matete akaniita jina nilijifanya nahesabu kuku. Hatimaye mwenye nyumba aliyopanga Mama Mapendo akamwambia mbele ya watu ahame, arudi ng'ambo kwao, na kama hataki kwa miguu yake, vijana watambebea vyombo mpaka majini. Alikuwa hana mtu ng'ambo. Waliokuwa wake walikuwa wamekwisha zikwa, alikuwa ametuambia sote hilo siku alipofika.

Alikuja mchana, jua la utosi, wakati ambao mtaa mzima unakuwa kimya na hata mbwa wamelala. Bibi alikuwa uani na wanawake wengine wakipepeta unga. Mama Mapendo hakupiga hodi. Aliingia kwa pengo la matete akiwa ametoka kunawa, mikono inadondosha maji, ameinyanyua mbele yake kama mtu anayebeba sinia.

"Amahoro," alitusalimu. "Munasema mukono wangu. Mukono wangu ni huu. Leteni mutoto."

Mama yangu, ambaye tangu aolewe hakuwahi kufanya jambo uani pale bila kumtazama Bibi kwanza, aliingia ndani akamtoa Idi. Akamlaza kifudifudi kwenye mapaja yake na kumfunua.

Mama Mapendo akapiga magoti. Aliweka mkono wa kushoto, ule wenye kidole kifupi. Kidole gumba kilikwenda upande usio wake. Akaugeuza, akaujaribu hivi na vile mbele ya macho yetu, bila haraka, kama mtu anayejaribisha kiatu. Halafu akaweka wa kulia. Vidole vyote vilikuwepo, na kiganja kilifunika alama nzima kikabakiza. Ulikuwa mkono kama kafi. Idi alikuwa analia.

"Sasa nyinyi," akasema Mama Mapendo. "Mulimushika wote ile siku."

Na hapo, sijui kwa nini, wote walifanya. Walikuja mmoja mmoja, mikono yao myeupe kwa unga. Wengine walicheka kwanza, kisha wakanyamaza walipofika. Mimi pia niliweka wangu. Ulizama katikati ya ule mkono kama kijiko kwenye bakuli, na ngozi ilikuwa ya joto. Nilikuwa nimetarajia ubaridi. Idi alimlilia kila mmoja. Kila mkono ulipoondoka wanawake walishusha pumzi.

Bibi alikuja wa mwisho, kwa kumaliza tu. Alikuwa anasema, "Muchezo gani huu, mumuache mutoto apumzike," na wakati anasema alikuwa ameshauweka.

Uliingia. Kidole juu ya kidole, kiganja juu ya kiganja, ukingo kwa ukingo. Pete ya fedha ilikaa sawasawa ndani ya lile pengo la ngozi safi. Na Idi akanyamaza. Aliacha kulia katikati ya kilio, akageuza shavu upande, akafumba macho, kama mtoto yeyote anavyotulia akiguswa na mkono anaoujua.

Bibi alijaribu kuuondoa mkono na kwa muda kidogo ilionekana kama hauondoki. Alipouinua, aliutazama, sio kama mtu anavyotazama mkono wake. Mama Mapendo ndiye aliyemfunika Idi. Aliikunja kanga vizuri pembeni, akasimama, akajifuta magoti, akapita palepale kwenye matete. Mwenye nyumba hakulitaja tena neno la kuhama, na hakuna aliyekwenda kumwambia kitu. Kesho yake mtu akanunua ndagala, kwa kutazama pembeni.

Mtaa ulimsamehe Bibi haraka sana. Alikuwa mwenyeji, mama wa watu, mcha Mungu. Walisema shetani ameuazima mkono wake bila yeye kujua. Walisema hivyo kumfariji, na hakuna kitu kingemtisha zaidi. Alianza kuufunga ule mkono kwa kitambaa cheupe, kidole kwa kidole, na kabla ya kulala alimpa mama mkanda amfunge kiwiko kitandani. Mwanamke aliyekula kwa mkono maisha yake yote akaanza kula kwa kijiko, kwa kushoto, akijimwagia kifuani kama mtoto. Mimi nilihamishwa nikalale na mama. Nywele zangu zikasukwa na jirani, vibaya, na nikitaka kumkumbatia Bibi alirudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia.

"Simama hapo hapo, mke mwenzangu," alikuwa anasema. "Nakuona vizuri kutoka hapa."

Kila asubuhi aliniuliza jambo moja: "Bado uko?" Nami nilikwenda kumfunua Idi nikarudi na habari. Bado uko, Bibi. Umefifia kidogo. Vidole vimeondoka, kimebaki kiganja. Mvua zilipoanza nikarudi nikiruka kwa furaha nikamwambia hauonekani tena. Nilidhani atafungua kitambaa. Aliutazama mkono wake uliofungwa, akatikisa kichwa.

"Basi umerudi kwangu," akasema.

Idi alipoanza kutambaa, alimpenda yeye kuliko watu wote, ndivyo watoto walivyo. Alikuwa akivuka chumba kizima kwenda kwenye kitanda chake, na Bibi alipandisha miguu juu, akaishika kanga yake isining'inie, akakaa hivyo mpaka mtu aje kumwondoa mtoto. Nilimwona mara nyingi akimtazama Idi kwa chini, mdomo wake ukitetemeka kwa mambo aliyotaka kumtania. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alikufa bila kumshika mtoto mwingine, na waliomwosha walikikuta kitambaa kimefungwa.

Mimi nikapelekwa sekondari Bujumbura, kwa masista, nikarudi nikijua Kifaransa na kubeza vitu. Likizo ya kiangazi baada ya kifo cha Bibi nilikuwa Magara kwa shangazi, ufukweni, tukikamulia ndimu samaki wa kuchoma tangu asubuhi. Siku chache baadaye mikono yangu ikatoka madoa ya kahawia, michirizi kabisa, pale maji ya maganda yalipotiririka mpaka kwenye kiwiko. Shangazi alisema ni jua. Nilikaa nikiyatazama yale madoa, kingo zake kali kama zimechorwa kwa kalamu.

Sasa mtu mwenye busara angekwenda kuuliza. Mimi nilichukua ganda, nikaminya mafuta yake juu ya paja langu kwa umbo la herufi M, ya jina langu Mwajuma, nikakaa juani siku nzima paja wazi kama nyama ya kukausha, shangazi akidhani nimerukwa na akili. Malengelenge yalifuata mistari yote. Herufi ilikaa mpaka mvua zikaisha, na sikuweza kuvua sketi mbele ya wenzangu bwenini bila kuitwa daftari. Sista wa sayansi alipoiona hakushangaa. Alisema mafuta ya ganda la ndimu yakiwa mwilini yanaliita jua liingie ndani ya ngozi, na kwamba hata sehemu ndogo isiyoguswa na mafuta inabaki salama. Chini ya pete, kwa mfano. Hilo la pete niliuliza mimi.

Nilifurahi kwa muda wa kutembea kutoka darasani mpaka bombani. Pale bombani nikakumbuka kwamba hakuna wa kumwambia. Mkono ule haukuwa wa shetani wala wa Mgiriki. Ulikuwa mkono wa bibi anayemwombea dua mjukuu wake, umeachwa mgongoni mwake na mapenzi yake yote yakaonekana, na yeye aliufunga kwa kitambaa mpaka kaburini. Miaka yote ile dawa yake ilikuwa sabuni, kivuli na mtu mmoja wa kumwambia. Ndiyo maana hadi leo kwangu chupa ya namna hiyo inakaa juu kabisa ya kabati, na mjukuu akiigusa ananawa mbele yangu. Meza tu ndiyo niliyoisahau.

Mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa mauaji, sitauelezea. Aliyekuwa Rumonge anajua, na ambaye hakuwepo simtakii. Homa ilikuwa imenirudisha nyumbani kabla ya mambo kuanza. Ziwa lilikuwa jeusi, hakuna taa hata moja ya wavuvi. Wanaume walikuwa hawalali ndani. Asubuhi moja nilimwona Mama Mapendo kupitia kwenye matete akifunga vitu vyake, mtumbwi umepatikana, anarudi ng'ambo ambako hakuwa na mtu. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na ndani yangu kulikuwa na jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Niliona lazima alijue yeye kabla hajavuka. Nilidhani nampa zawadi.

Nikapita kwenye lile pengo. Nikamweleza yote, harakaharaka, kwa sauti ya chini: ganda, jua, malengelenge, pete, Sista. Kwamba Bibi hakuwa na kosa. Kwamba hakukuwa na mchawi hata kidogo, yalikuwa mafuta tu. Alinisikiliza huku ameweka goti juu ya mzigo wake, akivuta kamba, akitafuta pa kuipitishia. Alifunga fundo, akalijaribu kama linashika. Kisha akaniinulia macho, bila hasira yoyote.

"Ule mukono ungekuwa wangu," akasema, "hakuna mutu angetafuta habari ya mafuta."